Za inchi ngapi? Kuchagua skrubu, fisha na misumari kwa kazi za nyumbani

Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi, useme unataka skrubu. Muuzaji hatakuuliza unakwenda kufunga nini. Atakuuliza, "Za inchi ngapi?" Ukisema mbili, anachota kiganja, anafunga kwenye kipande cha gazeti, mmemalizana.

Kabati la vyombo la jikoni kwangu nililifunga kwa skrubu za inchi mbili za namna hiyo. Lilikaa ukutani wiki tatu. Usiku mmoja tukasikia kishindo, na asubuhi tukahesabu sahani zilizosalia. Nilipoligeuza kabati nikakuta skrubu zote nne ni nzima, hakuna iliyokatika wala kupinda, na kila moja bado imevaa fisha yake, ile plagi ya plastiki ya kuingiza kwenye tundu la ukuta, mgongoni kama kofia. Skrubu hazikuwa na kosa. Zilishika vizuri kabisa kitu kilichokuwa hakijashika chochote.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzii dukani. Unaanzia ukutani, unapitia kwenye mbao na bati, dukani tunafika mwishoni. Na neno moja kabla hatujaanza: kamusi inaita skrubu parafujo, neno tulilorithi kwa Wareno, lakini ukiliomba kwa jina hilo huenda ukatazamwa sana. Nitasema skrubu.

Hatua ya kwanza: jua ukuta wako ni wa nini

Kugonga kwa kifundo cha kidole kunasaidia kidogo. Sauti ya ngoma ni jipsamu au mbao nyembamba, sauti iliyokufa ni tofali. Kugonga hakutakwambia zaidi ya hapo. Kipimo cha uhakika ni vumbi. Chukua biti, yaani ncha ya drili, ndogo ya ukutani, ya milimita 5, toboa sehemu itakayofichwa na kitu unachofunga, kisha tazama kinachotoka.

Mwanzoni utapata vumbi la plasta, na biti inaingia bila shida. Usifurahi. Plasta ya kawaida ina unene wa milimita 12 hadi 20, na ni nguo tu ya ukuta. Haibebi. Endelea mpaka vumbi au ukinzani ubadilike, halafu pima kina ulichofika, kwa sababu namba hiyo tutaihitaji. Baada ya plasta, vumbi la kijivu lenye chembe za mchanga ni tofali la saruji. Jekundu ni tofali la kuchoma. Biti ikianza kulia, vumbi likawa laini na mkono ukalazimika kusukuma, umekutana na zege: nguzo, linta au mkanda. Ikigonga kitu ikakataa kabisa na ncha ikatoa cheche, hiyo ni nondo. Hamisha tundu sentimita chache, usishindane nayo.

Nyumba za zamani za pwani, kama zile za Mji Mkongwe Unguja au za Lamu, zina tabia yake. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Vumbi ni jeupe la maziwa, na biti inaweza kwenda taratibu kisha ghafla ikatumbukia kwenye uwazi. Humo usitumie nyundo ya drili, yaani ile hali ya kugonga huku ikizunguka, hata kidogo. Zungusha tu, maana mtikisiko unabomoa chokaa kuzunguka tundu na fisha inabaki inachezacheza. Tumia fisha ndefu kuliko ungetumia kwenye tofali, na kwa mzigo mkubwa tafuta gundi maalumu ya kuzamishia bolti ukutani.

Kabla ya kutoboa popote, tazama swichi na soketi ziko wapi. Mabomba ya waya kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi, na mara nyingine huenda mlalo kutoka soketi hadi soketi. Usitoboe kwenye mistari hiyo. Jikoni na bafuni fikiria hivyohivyo kuhusu bomba la maji juu na chini ya koki. Ukiwa na shaka, zima swichi kuu na utumie drili ya betri.

Hatua ya pili: mzigo unavuta kuelekea wapi

Kuna mzigo unaoshuka sambamba na ukuta na kuna unaochomoa. Kioo kilichobanwa kwa kubana kabisa ukutani kinashuka tu. Skrubu inafanya kazi ya kigingi, na hata msumari unaweza. Shelfu lakini inatoka nje ya ukuta, kwa hiyo kila unachoweka juu yake kinajaribu kuichomoa skrubu ya juu.

Fanya hesabu ndogo. Weka ndoo ya maji ya lita 20, yaani kilo 20, katikati ya shelfu yenye upana wa sentimita 30. Uzito uko sentimita 15 kutoka ukutani. Kama mguu wa bano la shelfu, kile chuma cha pembe kinachoibeba, unashuka ukutani sentimita 20 chini ya skrubu ya juu, nguvu inayoichomoa skrubu hiyo ni 20 mara 15 gawanya kwa 20: kama kilo 15. Chukua bano fupi la sentimita 5, na ndoo ileile inachomoa kwa kilo 60. Skrubu ni zilezile, ukuta ni uleule. Ndiyo maana mara nyingi kubadilisha bano kunakusaidia kuliko kununua skrubu nene.

Watu hudharau uzito wa karatasi. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ni takriban kilo mbili na nusu. Ukizipanga nane juu ya shelfu ya mtoto wa shule, umeweka ile ndoo.

Na kuna mzigo wa tatu ambao ni mjanja zaidi, mtikisiko. Pangaboi, mashine ya kufulia, mlango unaobamizwa, kitanda. Hivi havichomoi kwa siku moja, vinalegeza kidogokidogo.

Hatua ya tatu: msumari, skrubu au bolti

Msumari ni rahisi na haraka, na si kifaa cha maskini kama wengine wanavyodhani. Kenchi za paa zinapigwa misumari kwa sababu nzuri. Msumari wa kawaida ni chuma laini, ukilemewa unapinda kwanza kabla ya kukatika, na paa likipigwa na upepo linahitaji kitu kinachopinda. Udhaifu wake ni kuchomoka: mbao ikikauka, msumari unalegea kwenye tundu lake.

Skrubu inashika kwa meno, haichomoki kirahisi, na unaweza kuifungua kesho bila kuharibu mbao. Lakini nyingi ni chuma kilichokaushwa kwa moto ili kiwe kigumu, na kitu kigumu hukatika bila kutoa taarifa. Wakorofi kuliko wote ni zile nyeusi za jipsamu. Kila fundi anazo mfukoni, ni kali, zinaingia bila kutoboa kwanza, na bei yake ni nafuu. Kazi yake ni kubana jipsamu kwenye mbao au kwenye fremu nyembamba za chuma, basi. Zenye meno yaliyoachana ni za mbao, zenye meno yaliyosongamana ni za fremu ya chuma. Ukifungia bano la shelfu, bawaba ya mlango au kitanda kwa skrubu nyeusi, siku moja itakatika shingoni. Rangi yake nyeusi pia haizuii kutu, na bafuni itaacha machozi ya kahawia ukutani.

Bolti na nati ni kwa mahali unapoweza kupita upande hadi upande: miguu ya meza, kitanda, benchi la nje, kifuniko cha tangi. Hapa nguvu haitegemei mbao kushikwa na meno, inategemea vichwa viwili vinavyobana. Daima weka washa, kile kibati cha duara chenye tundu, pande zote mbili za mbao, vinginevyo nati inazama kama inakula andazi. Kwenye mtikisiko tumia nati yenye pete ya nailoni ndani. Washa ile ya mkato iliyopindwa mafundi wengi wanaiamini, mimi naiamini kidogo.

Ukiona 8.8 imechongwa kwenye kichwa cha bolti, si saizi. Namba ya kwanza mara 100 ni nguvu ya kukatika kwa vipimo vya megapaskali, yaani 800, na ya pili inasema itaanza kurefuka bila kurudi ikifika asilimia 80 ya hiyo. Bolti ya 4.6 ni nusu ya hiyo kwa kukatika. Kwa samani 4.6 inatosha kabisa, kwa hiyo usilipie 8.8 ili ufunge stuli.

Hatua ya nne: mbao kwa mbao

Kanuni ya urefu ni fupi: skrubu iwe kama mara tatu ya unene wa mbao unayoifunga. Ukifunga ubao wa milimita 20 juu ya mhimili, chukua ya milimita 60. Theluthi moja inapita kwenye ubao, theluthi mbili zinashika mhimili. Kama mhimili wenyewe ni mwembamba kuliko hapo, usilazimishe ncha itokeze upande wa pili, ongeza idadi ya skrubu fupi.

Unene ndio ambao muuzaji haulizi. Skrubu nyingi za mbao sasa zinaandikwa kwa milimita, kwa mfano 4×40 au 5×80, namba ya kwanza ni unene. Paketi nyingine bado zina namba za Kiingereza: namba 6 ni kama milimita 3.5, namba 8 ni kama 4, namba 10 ni kama 5. Kwa bawaba ndogo za kabati 3.5 inatosha, kwa samani za kawaida 4, kwa mlango wa mninga na mabano mazito 5.

Sasa tundu la kutangulia, ambalo vijana wa drili za betri wameliacha kabisa. Kwenye msonobari skrubu inaweza kujitafutia njia, ila ikiwa karibu na ncha ya ubao, chini ya sentimita tano hivi, toboa. Kwenye mninga, mkongo, mvule au mtiki, toboa kila mara. Tundu liwe sawa na kiini cha skrubu, bila meno yake: ishike skrubu mbele ya biti kwenye mwanga, biti ifunike mwili, meno yatokeze pande zote. Kwa skrubu ya 4 kwenye mbao ngumu hiyo ni biti ya 3, kwenye laini 2 hadi 2.5. Kwa ya 5, biti ya 3.5 na 3.

Halafu kuna tundu la pili ambalo wengi hawalijui. Ule ubao wa juu, unaofungwa, utobolewe kwa unene mzima wa skrubu ili meno yapite bila kuugusa. Usipofanya hivyo meno yanashika mbao zote mbili kwa pamoja, na kama kuna mwanya kati yake mwanya huo hautafungwa hata ukikaza mpaka bisibisi ipige kelele. Skrubu zenye shingo laini isiyo na meno karibu na kichwa zimetengenezwa kwa ajili hii hasa.

Paka nta ya mshumaa kwenye meno kabla ya kuingiza kwenye mbao ngumu. Wazee walitumia sabuni, na inateleza kweli, lakini sabuni hunywa unyevu na kualika kutu. Skrubu za shaba nyeupe au ya njano kwenye kabati la thamani zina hila yake: ni laini na zinakatika ndani ya mninga ukibaki umeshika kichwa. Ingiza kwanza skrubu ya chuma ya saizi ileile ikate njia, itoe, kisha ndipo uweke ya shaba kwa mkono.

Ukifungia kwenye kichwa cha ubao, yaani pale ulipokatwa na nyuzi za mti zinakutazama, ujue mshiko ni dhaifu sana kuliko ubavuni. Tumia skrubu ndefu zaidi, au weka kipande cha mbao kwenye kona ukifungie hicho ubavuni. Chipubodi na emdiefu, mbao za kiwandani za chembe au unga wa mti uliogandishwa kwa gundi, nazo zina tabia hiyo kwenye kingo: toboa, usikaze kupita kiasi, na ukiona skrubu imeanza kuzunguka bure acha hapohapo, umeshaisaga.

Hatua ya tano: fisha, na hesabu ya lile kabati langu

Neno fisha lenyewe ni jina la mtu. Artur Fischer, Mjerumani, alitoa plagi yake ya nailoni mwaka 1958, na mafundi wetu wakaliswahilisha jina lake mpaka likawa la kila plagi, hata zile zisizomhusu. Namna inavyofanya kazi ni rahisi: skrubu ikiingia inaitanua, nayo inasukuma kuta za tundu. Maana yake lazima kuwe na kitu kigumu cha kusukuma.

Saizi zinazokutosha nyumbani ni tatu. Fisha ya 6 inatobolewa kwa biti ya 6, kwa kawaida ina urefu wa milimita 30 na inachukua skrubu ya 4 hadi 5. Ya 8 ina milimita 40, skrubu 4.5 hadi 6. Ya 10 ina milimita 50, skrubu 6 hadi 8. Ukiweka skrubu nyembamba kwenye fisha pana haiitanui, inaingia kama mgeni anayepita tu.

Turudi kwenye kabati. Ubao wa mgongo ulikuwa milimita 18. Skrubu ya inchi mbili ni kama milimita 50. Ondoa 18, zimebaki 32. Plasta yangu ilikuwa 15, kwa hiyo kwenye tofali skrubu iliingia milimita 17 tu, na fisha zilikaa nusu ndani ya plasta zikitanua kitu kisichoweza kutanuliwa. Hesabu sahihi ilikuwa hii: unene wa kitu 18, jumlisha plasta 15, jumlisha urefu wa fisha 40, jumlisha unene wa skrubu yenyewe 5 ili ncha itokeze mwisho wa fisha. Jumla 78. Skrubu ya 5×80, na fisha ya 8 iliyosukumwa mpaka ipite plasta yote na kukaa ndani ya tofali. Nilizifunga hizo sita badala ya nne, na kabati lipo.

Kina cha tundu kiwe plasta na fisha, halafu ongeza milimita 10 za kuhifadhi vumbi. Kwa kabati langu 65. Funga kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kwenye biti kwa kipimo hicho ili ujue pa kusimama. Kisha toa vumbi, na hapa wengi wanaharibu kazi nzuri. Fisha iliyokaa juu ya unga inateleza. Puliza kwa mrija au pampu ya baiskeli, fumba macho au vaa miwani. Biti ikiyumba mkononi tundu linakuwa pana kuliko fisha. Hilo likitokea usijaze vijiti vya kiberiti kwenye ukuta. Nenda saizi ya juu, kutoka 8 kwenda 10, au sogea.

Kwenye jipsamu fisha ya kawaida haina kazi, nyuma kuna hewa. Kwanza tafuta mbao au fremu iliyo nyuma yake kwa sumaku, itanasa kwenye vichwa vya skrubu zilizofunga jipsamu. Ukifungia kwenye hiyo umemaliza. Kama mahali unapotaka hapana kitu nyuma, tumia zile zenye mbawa zinazofunguka upande wa pili kama kipepeo, na ubebeshe vitu vyepesi tu: picha, saa, pazia jepesi. Kabati halifungwi kwenye jipsamu tupu.

Misumari ya zege, ile ya chuma kigumu, inafaa kwa kamba ya nguo au kibanio cha waya kwenye ukuta wa saruji. Haipindi, inaruka. Vaa miwani. Kwenye plasta mbovu inang'oa kipande kikubwa kama sahani, halafu mwenye nyumba anataka maelezo.

Mabati na vyuma

Kwenye bati la migongo ya mviringo piga msumari juu ya mgongo, kamwe si bondeni ambako maji yanapita. Chagua wenye mwili uliosokotwa, unashika zaidi ya ule laini. Skrubu za paa zenye kichwa cha pembe sita na washa ya mpira zimeanza kuuzoesha mji uvivu mzuri, na kweli ni bora: hazichomoki upepo ukinyanyua bati. Kosa lake ni kukaza. Mpira ukitokeza nje ya washa kama ulimi, umezidisha na utapasuka kwa jua. Mpira ukizunguka bila kubanwa, maji yatapita. Unatakiwa ubonyee kidogo tu.

Angalia ncha kabla ya kulipa. Yenye ncha kali kama sindano ni ya mbao. Yenye ncha ya biti ndogo ni ya chuma, inajitobolea yenyewe. Ukitumia ya chuma kwenye papi za mbao, zile zinazobeba bati, inakula tundu pana na mshiko unapungua. Ukitumia ya mbao kwenye chuma haiingii, inakuacha juu ya paa unasukuma mpaka uteleze.

Kutu, hasa kwetu wa pwani

Skrubu ya njano inayong'aa au nyeupe inayong'aa imepakwa zinki nyembamba sana kwa umeme. Ndani ya nyumba inadumu. Nje, karibu na bahari, chumvi itaimaliza haraka. Ile ya kijivu iliyofifia, yenye ngozi ya kukwaruza, imechovywa kwenye zinki ya moto, na zinki yake ni nene mara kadhaa. Hiyo ndiyo ya nje kwa bei ya kawaida.

Chuma kisichoshika kutu kinaandikwa A2 au A4 kwenye kichwa cha bolti au kwenye paketi. A2 ni ya jikoni, bafuni na nje mbali na bahari. A4 imeongezwa molibdeni na ndiyo ya pwani: baraza linalotazama maji, boti, madirisha ya alumini yanayopigwa na upepo wa kusi. Wauzaji wengine hukuuzia ya kung'aa tu wakiita steini. Beba sumaku ndogo: ikinasa kwa nguvu, si yenyewe. Isiponasa bado si uthibitisho kamili, lakini umeondoa wadanganyifu wavivu.

Kwenye mbao zilizotiwa dawa, hasa zile za kijani zenye chumvi za shaba, usitumie zinki nyembamba, dawa inaila. Na kwenye fremu ya alumini usifunge skrubu ya chuma cha kawaida. Vyuma viwili tofauti vikiloana maji ya chumvi vinaanza kulana, ukirudi baada ya misimu miwili unakuta unga mweupe na skrubu isiyotoka.

Bisibisi na kichwa

Nusu ya skrubu zilizolika kichwa zililiwa na bisibisi isiyo yake. Nyota si moja. Kuna nyota ya kawaida, PH, aliyoipatia hataza Henry Phillips wa Portland, Marekani, mwaka 1936. Na kuna PZ, ambayo kati ya mikono minne ya msalaba ina mistari minne midogo. Skrubu nyingi za mbao za njano ni PZ, nyingi za jipsamu ni PH. Ukiweka PH kwenye PZ inaingia na kukaa vizuri machoni, kisha inaruka ukikaza. Nunua PH2 na PZ2, zinamaliza kazi nyingi za nyumbani. Ukipata skrubu za kichwa cha nyota ya pembe sita, chukua, hazitelezi.

Sasa nenda dukani

Andika kwenye karatasi: kitu gani, unene wake, ukuta wa nini, plasta milimita ngapi, ndani au nje. Muuzaji akiuliza za inchi ngapi, mjibu kwa namba mbili, unene na urefu, na umtajie rangi unayotaka. Nunua chache za ziada.

Kazi mbili nizitaje peke yake. Runinga: fungua kijitabu chake, matundu ya mgongoni huwa M4, yaani ya skrubu yenye unene wa milimita 4, kwa zile ndogo ambazo matundu yake yameachana milimita 100×100, na M6 au M8 kwa kubwa. Skrubu ikizidi urefu inagusa bodi ndani, na umeua runinga kwa skrubu. Ikizunguka mara tatu nne bila shida halafu ikakwama kabla ya kubana, simama, weka washa. Ukutani mpe fisha za 10 na skrubu nene, angalau nne, ndani ya tofali na si ndani ya plasta.

Pangaboi lisining'inizwe kwa fisha ya plastiki hata liwe jepesi namna gani. Kwenye zege lining'inie kwenye ndoana iliyofungwa na nondo kabla ya kumwaga zege, au bolti ya chuma ya kutanuka. Kwenye dari ya jipsamu, panda juu, pitisha mbao nene kati ya mihimili na ufunge bolti inayopita upande hadi upande, washa na nati ya nailoni.

Skrubu za mlango zikilegea kwenye fremu, usikimbilie ndefu zaidi. Toa skrubu, jaza tundu njiti za kiberiti zilizochovywa gundi ya mbao, vunja zilizotokeza, acha gundi ikauke usiku kucha, rudisha skrubu ileile. Kwa iliyolika kichwa, tandika kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kati ya bisibisi na kichwa, sukuma kwa uzito wa mwili, kaza kidogo kwanza kama unaifunga, ndipo ufungue. Ikiwa na kutu, iguse kwa ncha ya pasi ya kulehemu bati dakika moja, iache ipoe.

Na kitanda kipya cha mbao, ambacho karibu kila mara kimetengenezwa na mbao isiyokauka sawasawa, kikazwe bolti zake tena baada ya mwezi wa kwanza, na tena kiangazi kikishika. Spana ya nati hizo ifunge kwa kamba chini ya chaga, isipotee.